Songwe Ipi, Mkuu? Barua ya Wazi kutoka Njia Panda ya Uyole

Njia Panda ya Uyole,
Mbeya.

Kwa wakuu wenye dhamana ya barabara kuu,
Nyanda za Juu Kusini.

Ndugu Mkuu,

YAH: VIBAO VYA MAELEKEZO VINAVYOPOTEZA WATU KATI YA RUAHA MBUYUNI NA TUNDUMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ningeanza na shikamoo, ila kwa umri wangu huenda wewe ndiye wa kunipa mimi, basi nakusalimu kwa heshima ya cheo na tuendelee.

Mimi ni fundi matairi. Banda langu lipo Uyole, hatua chache kutoka pale barabara ya kutoka Dar es Salaam inapogawanyika: moja inanyoosha kwenda Mbeya mjini na Tunduma, nyingine inakata kushoto na kupanda milima ya Uporoto kwenda Tukuyu, Kyela na Malawi. Naziba pancha, nabadilisha ringi, najaza upepo. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa. Ninayo ya pili nisiyolipwa, nayo ni kuelekeza watu njia. Siku moja mwezi wa saba niliamua kupiga kistari cha chaki mlangoni mwa banda kila gari linaposimama kuniuliza. Ilipofika saa sita mchana vistari vilikuwa 17, na asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu, magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu.

Nimeandika kiofisi mara tatu. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono wangu, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mhuri. Ya pili niliambiwa inafanyiwa kazi. Ya tatu, kijana wa mapokezi aliitazama suruali yangu yenye grisi akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia nimetumwa na watu wanaopotea. Akacheka. Ndiyo maana leo naandika hadharani, na naomba usinione mkosa adabu.

1. JINA MOJA, MAHALI SABA

Neno lenyewe ni Songwe. Tuhesabu pamoja, Mkuu. Kuna Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, makao makuu yake Vwawa. Ndani ya mkoa huo kuna Wilaya ya Songwe, ila makao makuu yake yapo Mkwajuni, na njia ya huko inachepukia Mbalizi, mbali kabisa na Vwawa. Kuna Songwe hii iliyopo mbele kidogo ya Mbalizi, penye kiwanda cha saruji, ambayo haipo Mkoa wa Songwe, ipo Mkoa wa Mbeya. Kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, nao upo Mkoa wa Mbeya. Kuna Mto Songwe unaomwaga maji Ziwa Rukwa. Kuna Mto Songwe mwingine kabisa, unaomwaga Ziwa Nyasa na ndio mpaka wetu na Malawi. Halafu pale mpakani, upande wetu panaitwa Kasumulu, na upande wa wenzetu wa Malawi panaitwa... umeshajua.

Saba hizo. Sasa weka kibao barabarani chenye neno moja tu, SONGWE, na mshale.

Usiku mmoja wa masika, saa nne imepita, lori lenye tela lilisimama mbele ya banda langu likilalia upande. Dereva ni mtu wa Tanga, mara yake ya kwanza kufika huku. Alikuwa amebeba mbolea ya Malawi, na tajiri wake alimwambia kwa simu maneno machache tu: wakala atakupokea Songwe. Alitokea Inyala manyunyu yakipiga kioo. Pale njia panda yangu, kibao cha Malawi kilikuwa kimefunikwa na tawi la mti, na juu ya tawi mtu alikuwa ametundika bango la mkutano wa injili. Hakuona kitu. Akanyoosha. Akapita Nane Nane, akapita Soweto, akapita Iyunga, akateremka Mbalizi, na mbele ya Mbalizi taa zake zikamulika kile alichokuwa anakitafuta tangu Chalinze: SONGWE. Anasema alimgonga utingo wake bega kwa furaha.

Alipofika alimuuliza mlinzi mpaka uko wapi. Mlinzi akamjibu, "Mpaka upi tena? Hapa ni ndege tu."

Gari la namna ile linaruhusiwa kufikia tani 56, Mkuu, haligeuki kama bajaji. Katika kulizungusha gizani tela lilipanda ukingo na matairi mawili yakapasuka. Nilimfanyia kazi hadi baada ya saa saba usiku, utingo akinimulikia kwa simu na mvua ikitunyeshea wote watatu. Nilipotaka kumpa pole, akaniambia maneno ambayo hadi leo nayafikiria nikiwa napiga upepo: "Mzee, kibao hakikunidanganya. Kilisema Songwe, na Songwe nilifika."

Mwingine ni mpwa wangu. Msichana alipata ajira ya ualimu, barua ya kupangiwa kituo inasema Wilaya ya Songwe. Akapanda basi Dodoma na godoro lake, begi moja na ndoo yenye vyombo. Konda akamwambia asiwe na wasiwasi, Songwe anaijua. Magharibi nikapigiwa simu. "Mjomba, nimeshashuka Songwe, lakini naona malori ya saruji tu, ofisi ya elimu siioni." Nilimwambia akae pale pale, asipande gari la mtu, nikafunga banda nikamfuata kwa bodaboda. Nilimkuta amekalia godoro lake chini ya kile kibao, mbavuni mwa barabara kuu, magari yakimpita kwa mita mbili. Alikuwa halii, lakini ndoo alikuwa ameikumbatia. Alitakiwa kushuka Mbalizi, achukue gari la Mkwajuni. Konda naye simlaumu sana, alisoma kilichoandikwa.

Na hao ni wanaofika kwangu. Sijui wanaokwenda kuzika Ileje, ambao wakisikia "Mkoa wa Songwe" wanashuka hapo hapo, wakati njia yao ya Isongole inachepukia Mpemba, karibu kabisa na Tunduma.

2. KIBAO KINACHOSEMA "SONG"

Hili nililiona kwa macho yangu nilipokwenda Njombe kumzika shemeji. Makambako, kwenye njia ya kuchepuka kwenda Njombe na Songea, palikuwa na kibao kilicholiwa na kutu upande wa kulia, herufi mbili za mwisho hazipo. Imebaki SONG. Sasa Mkuu, chukua kalamu uandike Songea na Songwe moja juu ya nyingine. Zinaachana wapi? Herufi mbili za mwisho. Kutu ilichagua vizuri.

Msibani Njombe nilikutana na familia iliyotoka Morogoro na Noah, wamepotea hapo Makambako. Walishtuka pale wauza viazi walipoanza kuwasalimia "kamwene", mama mmoja ndani ya gari akasema huku siko tulikoambiwa. Walirudi. Mafuta yao hakuna aliyewarudishia.

3. BARABARA ISIYOJUA JINA LAKE

Wazee wa hapa tunaiita Tanzam. Vijana wanaiita barabara ya Zambia wakiwa wanaelekea Tunduma, na barabara ya Dar wakiwa wanarudi. Ukiwa mjini Mbeya ni barabara kuu tu. Katika makaratasi ya serikali ni T1. Katika ramani za bara zima ni kipande cha ile njia ya kutoka Cairo hadi Cape Town, ambayo inatokea Dodoma, inaingia Iringa na kufuatana nasi hadi Tunduma.

Majina mengi si dhambi. Barabara hii ina historia yake, na kila jina lina mwenyewe. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965 na Zambia kukatiwa njia ya kusini, mafuta yao yalipita hapa juu ya vumbi na tope, na madereva wa wakati ule waliipa njia hii jina la jehanamu. Lami ikaja, likaja bomba la mafuta, ikaja reli ya Tazara ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. (Hata hilo neno Tazara lina mtego wake. Mtu wa Dar ukimwambia ashuke Tazara anatafuta daraja la juu. Hapa kwetu anatakiwa kwenda Iyunga, stesheni.)

Ninachodai ni kwamba penye majina mengi pawe na kimoja kisichobadilika, nacho kionekane. Namba. Mimi nimeanza kazi hapa nikiwa kijana, na katika vibao vya maelekezo ninavyovipita kati ya Uyole na Mbalizi, sijaona kimoja chenye T1 iliyoandikwa kwa ukubwa wa kusomeka na mtu aliye kwenye mwendo.

Najua nitaambiwa hata Marekani watu wanapotea. Ni kweli, na ushahidi ninao. Kijana wa jirani yangu aliishi Los Angeles, na akaniambia kule kuna barabara kuu inayoitwa Ventura. Ukiwa juu yake namba ni 101. Unafika mahali 101 inakata upande mwingine na kubadilika jina kuwa Hollywood, na jina la Ventura linaendelea mbele juu ya barabara nyingine yenye namba 134. Nilimwambia rudia. Akarudia, na bado sikuelewa. Lakini akaongeza kwamba alipoachana na majina na kufuata namba, hakupotea tena, maana namba ipo kwenye kila kibao. Basi tukitaka kujifananisha na Marekani, tuanzie hapo kwenye namba.

4. MENGINE KWA UFUPI

Ruaha nayo ni Songwe ndogo. Watalii wanasimama Ruaha Mbuyuni, kabla hata ya kupanda Kitonga, wakiuliza lango la hifadhi liko wapi. Lango lipo mbali, unaingia kwanza Iringa mjini, kisha unakwenda zaidi ya kilomita 100. Andikeni pale Mbuyuni maneno mawili matatu ya kuwaambia wasonge mbele.

Vibao havina kilomita. Mtu anaona VWAWA na mshale, hajui ni mwendo wa dakika kumi au wa zaidi ya saa nzima.

Na rangi. Nyanda hizi zina ukungu, Mkuu. Isyonje asubuhi ya Juni hata ng'ombe unamsikia kabla ya kumwona. Kibao ambacho hakiakisi taa, kule ni bati tu.

NAJUA MTAKAVYONIJIBU

Mtasema bajeti. Sipingi, ila naomba mtu wenu akae nami siku moja bandani ahesabu mafuta ya wanaorudi nyuma, matairi na muda wa malori ya nchi tatu.

Mtasema wezi. Hapo mna haki. Nimeona mguu wa kibao uliokatwa kwa msumeno usawa wa goti, kazi safi kabisa, na chuma kikaenda kwenye mizani ya vyuma chakavu. Lakini mguu wa zege nani atauuza? Na bati likitobolewa matundu mengi madogo halina soko hata la kuezekea banda la kuku. Mimi ni fundi, najua chuma kipi kinauzika.

Mtasema kila mtu ana simu yenye ramani. Dereva wa lori mkono mmoja upo kwenye gia na macho yapo kwenye mteremko. Na hata asimame, akiandika Songwe ataletewa orodha, nayo simu haijui amebeba mbolea ya nani.

Mtasema barabara inapanuliwa kuwa njia nne, Nsalaga hadi Ifisi, vibao vitawekwa kazi ikiisha. Tunaushukuru upanuzi, tuliuomba miaka mingi. Ila wakati wa ujenzi ndipo mtu anapotea zaidi, leo mchepuko upo kushoto, kesho umehamia kulia. Kibao cha muda cha mbao kinatosha.

Na mtasema kibao fulani si chenu, ni cha wale wenzenu wa barabara za wilaya na mitaa. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Dereva wa Tanga saa nne usiku atajuaje mpaka wa ofisi zenu?

TUNACHOOMBA

(a) Neno Songwe lisisimame peke yake kwenye kibao chochote. Liandikwe UWANJA WA NDEGE WA SONGWE. MKWAJUNI (WILAYA YA SONGWE). VWAWA (MKOA WA SONGWE). Mpakani paandikwe KASUMULU, MPAKA WA MALAWI, na picha ya lori.

(b) Uyole pawekwe kibao kikubwa cha juu ya barabara, na kingine kilomita moja kabla, kwa anayetoka Inyala, ili mwenye tela ajipange kushoto mapema. Hata msipofanya lingine lolote mwaka huu, fanyeni hili.

(c) Namba ya barabara na kilomita viwepo kwenye kila kibao cha maelekezo kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma.

(d) Matawi yakatwe. Kwa hili hamhitaji zabuni, mnahitaji panga. La kwangu lipo.

(e) Itajwe namba moja ya simu ya kutoa taarifa kibao kikianguka, na upande wa pili awepo mtu wa kuipokea.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Yakibandikwa kwenye ubao wa matangazo stendi ya Uyole nitayasoma, na wenzangu watayasoma.

Lipo jambo moja la kumalizia, nalo ni langu binafsi. Baada ya barua ya tatu kukosa jibu, mimi na mpwa wangu yule mwalimu, alipokuja likizo, tulitengeneza kibao chetu wenyewe. Mwandiko wake ni mzuri, wa ubaoni. Aliandika: MALAWI, KYELA, TUKUYU: KUSHOTO. MBEYA, VWAWA, TUNDUMA: MBELE. Na chini kabisa, kwa rangi nyekundu: SONGWE: SIMAMA UULIZE KWANZA. Nilikisimika karibu na banda. Kilikaa siku tisa, na siku hizo tisa niliziba pancha kwa utulivu. Siku ya kumi likaja gari, likashusha watu wawili wenye nyundo. Wakaniambia nimejenga ndani ya hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande, sheria ya mwaka 2007. Walisema kweli, sheria naijua. Wakaking'oa, wakakitupa nyuma ya gari, wakanipa onyo la mdomo. Kabla hawajaondoka, yule aliyekaa kwenye usukani aliteremsha kioo akaniuliza njia ya Kiwira ni hii ya kushoto au vipi.

Barua tatu hazikupata hata simu. Kibao kimoja kilipata gari, watu wawili na nyundo. Ina maana mnafika Uyole mkitaka.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe. Ni mbao ya paini ya Mufindi, futi sita, ina msumari mmoja uliopinda juu kulia. Nyuma yake nilikuwa nimeandika bei zangu za pancha, na tangu mmekichukua wateja wananipangia bei wao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi Matairi,
Njia Panda ya Uyole.

Nakala: Ubao wa matangazo, stendi ya Uyole.
Nakala: Mwalimu, Mkwajuni, Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe. (Mpeleka barua ashukie Mbalizi.)